Mtoto wa Kivu kwenye sahani ya Lubumbashi: namna ya kumlisha miezi ya kwanza baada ya kuhama

Familia inayotoka Goma au Bukavu huko Kivu ikafika Lubumbashi, Katanga, haijatoka nje ya Kongo, ila mtoto wake anaona kila kitu kimebadilika kwenye sahani. Sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwa, hawapo. Bugali wa muhogo umekuwa bukari ya mahindi. Maharagi yaliyokuwa chakula cha kila siku yamekuwa kitu cha kuhesabia franka, na mashanza, yaani maziwa ya kuganda, hayaonekani kabisa. Mzazi mwenyewe yuko mbioni kutafuta nyumba, kazi na shule. Katika hali hiyo mtoto anakonda, na watu wa nyumbani wanasema kwa simu kwamba bukari ya mahindi ndiyo inayomkondesha.

Bukari haina kosa. Unga wa mahindi una protini mara kadhaa kuliko unga wa muhogo. Shida iko kwenye kitoweo. Familia ikihama, kitu cha kwanza kupunguzwa ni samaki na maharagi, kwa sababu mama hajui bado ni nini cha bei nafuu katika soko jipya. Mtoto anabaki na bukari, majani kidogo, na chai ya sukari na mkate asubuhi. Kwa hiyo anza kupanga kwenye kitoweo, na umwachie mtoto mlo mmoja kwa siku unaofanana na wa nyumbani.

Kwanza: uji wa asubuhi usibadilike

Ukiwa na mtoto mdogo, mlo wa kulinda ni uji wa masoso, yaani wa mahindi, soya na mtama (sorgho). Ladha yake anaijua, na vitu vyake vyote vinapatikana Lubumbashi, iwe soko la mtaa wa Kenya, la Katuba au la Mzee. Usinunue unga uliochanganywa tayari na mtu usiyemjua, maana soya huwa kidogo sana au haikukaangwa. Tengeneza mwenyewe.

Pima makopo mawili ya mahindi, kopo moja la mtama na kopo moja la soya. Mtama ukikosekana au ukiwa ghali, weka mahindi matatu kwa soya moja. Chagua mawe na punje zenye ukungu uzitupe. Soya kaanga kavu kwenye moto mdogo dakika 15 hadi 20, ukikoroga bila kuacha, mpaka maganda yapasuke na harufu iwe kama ya karanga. Onja punje moja: ikiwa bado ina ladha ya haragi bichi, endelea. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Soya isiyoiva ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na mtoto anajaa gesi au anaharisha, kisha mama anaamua kwamba mtoto hapatani na soya. Baada ya kukaanga, isugue, ipepete maganda, iache ipoe, halafu peleka vyote kwenye mashine ya kusaga. Saga unga wa wiki mbili tu. Soya na mahindi yasiyokobolewa vina mafuta, na unga ukikaa sana unachachuka na kuwa mchungu.

Kwa mtoto mmoja, vijiko vikubwa vitatu vya unga katika mililita 250 za maji. Koroga unga kwanza na maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, pika dakika 25. Mwishoni weka kijiko kikubwa kimoja cha karanga zilizosagwa laini, au kijiko cha chai cha mawese. Uji ukae juu ya kijiko usimwagike kama maji. Uji mwepesi unajaza tumbo la mtoto kabla hajapata nguvu yoyote ndani yake, na hili linatokea hasa pale unga unapopanda bei.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji uji wala maji. Maziwa ya mama yanatosha, hata mama akiwa amechoka na safari. Kuanzia miezi sita anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, ukiongeza hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kutoka miezi tisa, nusu kikombe mara tatu au nne. Kuanzia mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne, pamoja na kitu cha katikati kama ndizi mbivu au parachichi. Endelea kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi. Kuhama si wakati wa kumwachisha mtoto ziwa, hata kama ulikuwa umepanga hivyo. Usimpe asali kabla ya mwaka mmoja, na chakula cha mtoto wa umri huo usikitie chumvi.

Bukari: badilisha unga polepole

Mtoto aliyezoea muhogo anasema bukari ya mahindi "inakwaruza". Mara nyingi anasema kweli, maana mama anaipika kama anavyopika muhogo: maji yakichemka anatupa unga, anasonga haraka, anatoa. Muhogo unavumilia hilo. Mahindi hayavumilii, yanabaki mabichi katikati, na tumbo la mtoto linauma usiku.

Wiki mbili za kwanza changanya vikombe viwili vya muhogo na kimoja cha mahindi. Wiki mbili zinazofuata, sawa kwa sawa. Baadaye mahindi mawili, muhogo mmoja, na unaweza kubaki hapo. Nyumba nyingi za Lubumbashi nazo huchanganya. Kwa watu watano, mchanganyiko huu wa mwisho ni karibu gramu 700 za mahindi na 350 za muhogo katika lita mbili za maji:

1. Chemsha lita moja na nusu. Koroga gramu 150 za unga wa mahindi katika nusu lita ya maji baridi, mimina ndani, acha uji huo uchemke dakika 10.
2. Ongeza mahindi yaliyobaki kwa konzi, ukisonga. Funika, punguza makala chini ya sufuria, acha dakika 5 hadi 8.
3. Unga wa muhogo unaingia mwisho kabisa. Songa kwa nguvu dakika 3 au 4, toa.

Ukiingiza muhogo mwanzoni, unakamata maji yote, na mahindi hayapati nafasi ya kuiva. Mabonge yakitokea, ujue unga uliingia mwingi kwa mara moja. Ponda kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria kabla ya kuongeza mwingine. Jirani wa Lubumbashi atakuonyesha kwa dakika chache ukimwomba vizuri: "Mama, nisaidie, nataka kuona unavyosonga bukari yako." Hakuna mama anayekataa ombi hilo, na mara nyingi ndiyo njia ya kwanza ya watoto wako kupata marafiki katika parseli.

Bei ya unga ielewe mapema. Sehemu kubwa ya mahindi ya Lubumbashi inatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, au mvua zikiwa mbaya huko, unga unapanda Lubumbashi ndani ya siku chache. Miezi ya shida ni ile ya kabla ya mavuno, kutoka Januari hadi Machi. Mwenye nafasi anunue mahindi ya punje kati ya Mei na Julai, ayahifadhi makavu juu ya mbao, yasiguse sakafu, asage kidogo kidogo. Punje zenye ukungu wa kijani au mweusi usizisage ukidhani moto utaziponya. Sumu ya ukungu huo haifi kwa kupikwa. Karanga nazo ni hivyo: yenye uchungu mdomoni iteme, na usimpe mtoto fungu lile.

Kitoweo: nini kinashika nafasi ya sambaza

Hapa ndipo uweke akili na pesa zako. Sambaza wa ziwa Kivu ni samaki wa kuliwa mzima, na mifupa yake ndiyo iliyokuwa ikimpa mtoto kalsiamu. Lubumbashi samaki wa namna hiyo wako, ila ni wakavu: ndagala wa ziwa Tanganyika kupitia Kalemie, wanaoitwa fretini mjini, na samaki wadogo wa ziwa Moero na mto Luapula. Nunua wenye rangi ya fedha, wanaovunjika ukikunja. Wanaopinda kama karatasi yenye unyevu hawakukauka.

Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, watengeneze kuwa unga. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, maana mchanga ndio unaomfanya mtoto akatae. Wakaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 10 hadi 15, mpaka wavunjike kwa vidole. Twanga, chekecha, tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Tumia ndani ya wiki mbili. Anza na kijiko cha chai kimoja kwenye mchuzi, fika kijiko kikubwa kimoja kwa siku. Harufu ikimsumbua, changanya na mchuzi wa karanga na nyanya, usiweke kwenye uji wa sukari.

Tomsoni, yule samaki wa barafu, ni mzuri na mara nyingi bei yake inawezekana. Mchemshe, toa mifupa kwa vidole mara mbili, wewe mwenyewe, si dada mdogo aliyetumwa. Angalia pia barafu: samaki aliyeyeyuka na kugandishwa tena ana nyama inayoachana, na macho yamezama.

Makayabu na samaki wa chumvi wa Pweto ni habari nyingine. Wana ladha inayopendwa Katanga yote, lakini chumvi yao ni nyingi mno kwa mtoto. Kata vipande, loweka kwenye maji mengi saa 12 au zaidi, badilisha maji mara tatu, kisha chemsha dakika 10 na umwage maji hayo kabla ya kupika. Chini ya mwaka mmoja, usimpe kabisa. Usijaribu kumpunguzia chumvi mtoto kwa kumwongezea bukari. Anabaki na kiu, na tumbo limejaa.

Maharagi usiyaache, hata yakiwa ghali kuliko Goma. Yapike mara mbili kwa wiki, mengi. Loweka usiku mzima, mwaga maji, pika mpaka haragi lipondeke kati ya vidole viwili. Vikombe viwili vikavu vinatoa karibu vikombe vitano vilivyoiva, na hayo ni ya watoto watatu kwa siku mbili. Weka chungwa, embe au limau pembeni, maana vitamini C inasaidia mwili kuchukua chuma ya maharagi. Chai inafanya kinyume, inazuia chuma hiyo. Kama nyumba yenu haiwezi kuacha chai, mtoto aipate saa moja au mbili mbali na mlo, na nyepesi.

Sasa viwavi. Watoto wa Goma mjini wengi wanawaona kwa mara ya kwanza hapa, na wanakimbia. (Watoto wa Warega hawashangai, kwao viwavi ni chakula cha zamani.) Mzazi usikimbie pamoja nao, kwa sababu hiki ni kitoweo chenye protini na chuma nyingi, na wakavu wanauzwa hata nje ya msimu wa mvua. Loweka kwenye maji ya moto nusu saa, sugua miiba na mchanga, chemsha dakika 20 hadi 30, mwaga maji, kaanga na kitunguu na nyanya. Wakubwa waleni mbele ya watoto bila kusema neno. Kwa mdogo, wasage wawe unga, anza na robo ya kijiko cha chai ndani ya mchuzi wa karanga, kisha ungoje mpaka kesho yake. Midomo ikivimba, ngozi ikitoka vipele au pumzi ikibana, acha na umpeleke hospitali mara moja. Wenye mzio wa kamba wa baharini au wa vumbi la nyumba ndio walio hatarini zaidi.

Kikanda kinachouzwa kwa vipande kinafanana na soseji, na watoto wanakipenda upesi. Kimetengenezwa kwa mizizi ya porini na karanga, kwa hiyo usikihesabu kama nyama. Angalia pilipili. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, usimpe aliye chini ya miaka miwili: hujui maji yalichemshwa au la, na ukikaa siku mbili unaanza kulewesha. Bowa, yaani uyoga wa msimu wa mvua, nunua kwa mama anayeuza kila mwaka mahali palepale. Usiruhusu watoto kuchuma wenyewe; uyoga unaofanana na ule wa nyumbani unaweza kuwa wa sumu huku.

Majani, na vumbi la mji huu

Sombe, yaani majani ya muhogo, mtoto anaijua, na inafaa kuwa daraja kati ya nyumba mbili. Itwange vizuri, iache dakika 20 kabla ya kuweka kwenye moto, ichemshe bila kifuniko saa nzima au zaidi, kisha weka bilinganya, kitunguu na mawese. Kutwanga na kuchemsha wazi ndiko kunakotoa sumu ya majani ya muhogo. Kutia soda ili iive upesi kunaharibu vitamini, na mtoto hapati alichotwangiwa. Mawese usiyachome mpaka yawe meupe: ile rangi nyekundu ndiyo vitamini A.

Lengalenga (mchicha), majani ya maboga na matembele yanapatikana kwa bei ndogo. Jambo la Lubumbashi ambalo mtu wa Bukavu halijui ni vumbi la madini. Uchunguzi wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji umeonyesha kobalti na metali nyingine kwa wingi katika miili ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, na watoto ndio wanaopata zaidi. Osha majani kwa maji matatu, jani kwa jani, kabla ya kukata. Menya mizizi baada ya kuiosha. Usilime bustani karibu na kiwanda, kwenye taka za madini, wala kando ya mfereji unaotoka huko. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na osha mikono ya mtoto kwa sabuni kabla ya kila mlo, kwani vumbi linaingia mdomoni kupitia vidole vyake. Mtoto anayepata chuma na kalsiamu ya kutosha huchukua kidogo mwilini metali ya risasi iliyo kwenye vumbi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokuacha maharagi na ndagala.

Maziwa yaliyozoeleka Goma, pamoja na jibini ya Masisi, hayataonekana hapa kirahisi. Ukinunua ya unga, soma kopo: yakiandikwa kuwa ni ya chai, au kwamba mafuta yake ni ya mimea, si maziwa ya kumlea mtoto. Gramu 25 hadi 30 kwa mililita 200 za maji yaliyochemka, karibu vijiko vikubwa vitatu au vinne vilivyosawazishwa. Kuyazimua ili kopo lidumu ni kumpa mtoto maji meupe. Pesa zisipotosha, nunua mayai na ndagala badala yake.

Mtoto anapokataa

Weka sahani moja yenye kitu anachokijua na kijiko kimoja tu cha kipya. Asipokula, ondoa bila maneno, rudisha baada ya siku mbili. Mtoto anaweza kuhitaji kuona na kuonja chakula kipya mara 10 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi wanakata tamaa mapema mno. Usimshike pua, usimtishe, usimwahidi biskuti. Usimfichie pia kitu asichokitaka ndani ya uji wake anaoupenda; akigundua, unaupoteza na uji. Unga wa samaki au wa viwavi tia kwenye mchuzi, na akiuliza, mwambie ni nini.

Wa shule ana shida yake. Anachekwa kwa Kiswahili chake na kwa viazi vitamu alivyobeba, kisha anaomba pesa za biskuti kama wenzake. Msikilize. Siku tatu abebe kitu ambacho hakuna anayekicheka Lubumbashi: karanga za kukaanga na ndizi, yai la kuchemsha, au maandazi uliyopika nyumbani ukiweka robo ya unga wa soya iliyokaangwa. Siku mbili mpe nafasi ya kuchagua mwenyewe kwa kiasi mnachopatana. Karanga nzima ni za watoto waliopita miaka mitano, wadogo zinawakaba.

Baada ya mwaka mambo hugeuka: mtoto anapenda bukari na kikanda, anaikataa sombe ya bibi. Usigombane naye. Mpe kazi ya kutwanga siku ya Jumamosi, muachie aonje chumvi. Mkono ulioshika mchi hukubali haraka kuonja.

Kupima, na mzigo kutoka nyumbani

Wiki ya kwanza peleka mtoto kituo cha afya cha mtaa na karatasi yake ya zamani ya chanjo na kilo. Kama ilibaki njiani, omba nyingine siku hiyohiyo. Kwa wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 12.5, anahitaji kufuatiliwa. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, na matibabu yaanze bila kungoja. Miguu ikivimba pande zote mbili, mpeleke siku ileile hata kama utepe uko kwenye kijani: huo uvimbe unaweza kumfanya aonekane mnene. Kilo zisipoongezeka miezi miwili mfululizo, angalia kitoweo kabla ya kununua dawa ya hamu ya chakula.

Ndugu wakiuliza wakutumie nini, usiombe unga wa muhogo. Ni mzito, na Lubumbashi upo. Omba sambaza wakavu, mbegu za lengalenga na za maharagi ya kwenu. Sambaza wakaushwe jua mpaka wavunjike, wafungwe kwenye karatasi ndani ya gunia la kitambaa, si kwenye plastiki, maana unyevu kidogo tu ndani ya plastiki unawaozesha kabla hawajafika. Wakifika, watandaze juani siku nzima, watoe wenye ukungu, ndipo uweke waliobaki kwenye chupa.